Kuomba nafasi ya utafiti baada ya uzamivu ukiwa Dar: mwongozo kwa watu wa ikolojia na mageuko

Tangazo la nafasi ya aina hii likitoka, haipiti wiki sijapata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: "Shikamoo dada, naomba unisomee barua yangu kabla sijaituma." Naisoma. Mara nyingi mstari wa kwanza unasema, "Naomba kwa unyenyekevu mnifikirie kwa nafasi ya kuja kusoma." Mwandishi ana shahada ya uzamivu, ameshinda miaka kwenye tope na misitu, anazijua spishi zake kwa majani na kwa magome, lakini anabisha hodi kama mtoto anayeomba ada.

Nafasi hii, ambayo wengi wetu tunaiita posdoki kwa kifupi, ni kazi. Una mshahara, una mkataba wa miaka miwili au mitatu, na kuna mtu upande wa pili mwenye tatizo la kisayansi analotaka mwenzake wa kulitatua naye. Yote nitakayoeleza hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja: andika kama mtafiti anayezungumza na mtafiti.

Hatua ya kwanza: jua ni mlango gani unaoubisha

Milango ni miwili. Wa kwanza ni nafasi iliyotangazwa ndani ya mradi ambao tayari una fedha. Swali kuu limeshawekwa na mkuu wa maabara, naye anatafuta mtu mwenye ujuzi fulani. Wa pili ni ufadhili unaouomba kwa wazo lako mwenyewe, ukiwa na mwenyeji aliyekubali kukupokea. Mfano unaojulikana sana ni Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Raia wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba, isiwe imepita zaidi ya miaka 8 ya utafiti tangu apate uzamivu, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Dirisha lake kwa kawaida hufungwa Septemba. Sharti la miezi 12 ndilo linalowaumiza waliosomea uzamivu nje: kama umemaliza juzi Sweden, usipange kurudi Sweden kwa mlango huo.

Mlango wa kwanza unataka ulingane na tangazo. Wa pili unataka mwenyeji umpate mapema, miezi mitano au sita kabla ya dirisha kufungwa. Ukichanganya milango hii utatuma andiko la wazo lako mwenyewe kwa mtu aliyekuwa anatafuta fundi wa kuchambua data zake.

Hatua ya pili: soma tangazo ukiwa na kalamu

Lichapishe. Ndiyo, kwenye karatasi, nenda steshenari yoyote pale Survey au Mwenge. Pigia mstari kila kitendo: kuchambua, kukusanya, kufundisha, kusimamia wanafunzi. Kisha tenga yanayodaiwa kwa lazima na yale ambayo wangefurahi tu ukiwa nayo. Wenzetu wengi, hasa wasichana, wakikosa jambo moja katika kundi la pili wanaliacha tangazo zima. Usifanye hivyo. Ukiwa na yote ya lazima na nusu ya yale mengine, omba.

Yapo maneno yanayowachanganya watu. Ukiona "E13 TV-L, 100%", hicho ni kiwango cha mshahara katika vyuo vya majimbo ya Ujerumani, na asilimia 100 ina maana ya ajira kamili, si daraja la ufaulu. Ukiona maombi yataanza kusomwa tarehe fulani "mpaka nafasi ijazwe", ichukulie tarehe hiyo kuwa ndiyo ya mwisho. Wakisema uzamivu uwe umekamilika kabla ya kuanza kazi, unaweza kuomba ukiwa bado unasubiri kutetea tasnifu, ila sema wazi unatarajia kutetea mwezi gani.

Hatua ya tatu: tafuta swali lako, na hapa usiwe na haraka

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, nami ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ikolojia ya jamii za viumbe inauliza: kwa nini spishi hizi zinaishi pamoja mahali hapa, na si nyingine? Elimu ya mageuko inauliza: zilifikaje kuwa hivi zilivyo? Fani tunayoizungumzia inayafunga maswali hayo mawili pamoja. Historia ya ukoo wa kiumbe inaamua ataishi na nani, na wale anaoishi nao wanaugeuza ukoo wake kadiri vizazi vinavyopita.

Shuka Kunduchi au Mbweni siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka. Vaa viatu vya kufunga, maana tope linavuta. Upande wa bahari utakuta mlilana. Ukiingia ndani unakutana na mkoko na mizizi yake iliyojikunja kama miguu ya buibui, kisha mkandaa na muia, na mkomafi mwenye matunda makubwa ya mviringo. Mchu utauona pande zote mbili, baharini na kuelekea nchi kavu, mizizi yake ya kupumulia imesimama kwenye tope kama penseli. Sisi wa pwani tunaiita yote mikoko, neno moja tu. Lakini tazama koo zake. Mkoko, mkandaa na muia ni ndugu wa familia moja. Mlilana yuko familia moja na mhina na mkomamanga. Mkomafi ni ndugu wa mwarobaini. Mchu ana ukoo wake mwingine kabisa. Maana yake, uwezo wa kuishi kwenye chumvi na tope lisilo na hewa ulizuka zaidi ya mara moja, na koo zilizotoka mbali zimekutana hapo ufukweni.

Sasa jiulize. Wale ndugu watatu wako pamoja kwa sababu walirithi sifa zilezile zinazopita kwenye chujio la chumvi? Na kama wanafanana hivyo, mbona hawafukuzani? Darwin alishaandika mwaka 1859 kwamba ndugu wa karibu ndio wanaoshindana zaidi. Mwaka 2002 Campbell Webb na wenzake waliandika makala iliyoliweka wazo hilo katika vipimo: chukua mti wa nasaba, yaani mchoro wa undugu wa spishi, pima umbali wa kiukoo baina ya spishi zinazoishi pamoja, kisha linganisha na jamii zilizochanganywa kwa bahati nasibu. Spishi zikiwa ndugu wa karibu kuliko bahati nasibu, huenda mazingira yamechuja. Zikiwa mbali, huenda ushindani umetenganisha. Baadaye, mwaka 2010, Mayfield na Levine walionya kwamba mambo si mepesi hivyo, kwa kuwa ushindani nao unaweza kuacha ndugu wa karibu pamoja. Mtu anayelijua onyo hilo na kulitaja kwenye usaili anaonekana mara moja kwamba amesoma.

Spishi sita za mikoko ni chache mno kwa takwimu nzito. Kwa hiyo mikoko ikufundishe kuuliza, kisha lipeleke swali kwenye msitu wa Pugu, kwenye matumbawe ya Mbudya, au Milima ya Tao la Mashariki. Au Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na kutoka hapo zikazuka spishi zinazofika 500 za furu, wale samaki wadogo. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na furu wengi wakatoweka. Mmoja wa furu hao anaitwa *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake ni jekundu, ndugu yake wa karibu ana dume la buluu, na maji yakichafuka hadi mwanga ukapungua, majike hushindwa kuwatofautisha na mpaka baina ya spishi hizo unaanza kufutika. Maabara za Uswisi na Uholanzi zimefanya kazi hiyo miaka mingi pale Ghuba ya Mwanza. Wewe uliyekulia huku unaweza kuuliza jambo ambalo wao hawajaliona, kwa sababu unajua mvuvi anaita nini kila samaki na lini maji hubadilika rangi.

Andika swali lako kwa sentensi moja. Kama linahitaji sentensi tatu, bado halijaiva.

Hatua ya nne: jionyeshe kwa kazi ndogo iliyokamilika

Maabara nyingi za fani hii zinafanya kazi kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ambayo ni bure. Jifunze vifurushi vitatu: *ape* kwa miti ya nasaba, *vegan* kwa jamii za viumbe, na *picante* kwa kuunganisha hivyo viwili. Chukua data ya tasnifu yako, au kumbukumbu za spishi zilizo wazi kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, ujenge jedwali la maeneo na spishi, uchanganye majina kwenye mti mara 999 na upime. Weka msimbo wote, yaani amri ulizoiandikia kompyuta, kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ukiwa na maelezo ambayo mgeni ataweza kuyafuata. Kazi moja safi ya namna hiyo ina uzito kuliko mistari kumi ya "nina ujuzi wa kompyuta."

Makala za kusoma zisikushinde kwa bei. Tanzania imo kwenye nchi zinazopata majarida kupitia Research4Life, mpango wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi, na wakutubi wa maktaba mpya ya Mlimani, ile iliyofunguliwa 2018, watakuelekeza ukiwauliza. Waulize.

Hatua ya tano: barua pepe ya kwanza

Hii hapa moja niliyoisoma, nimeondoa kila kinachomtambulisha mwandishi:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti kijana kutoka nchi inayoendelea. Nimevutiwa sana na chuo chenu maarufu. Naomba kwa unyenyekevu unisaidie nafasi yoyote katika maabara yako. Nimeambatanisha vyeti vyangu vyote."

Barua hii ingeweza kutumwa kwa profesa wa uhandisi. Tukakaa naye, tukanywa chai, nikamuuliza ni nini hasa kilichomgusa kwenye kazi ya yule profesa. Alizungumza dakika kumi bila kupumzika! Tukaandika aliyoyasema, na kwa Kiswahili ikawa hivi:

"Mpendwa Dkt., makala yako kuhusu miti ya misitu ya milimani inaonyesha kwamba ndugu wa karibu hukaa pamoja zaidi kadiri unavyopanda juu. Katika tasnifu yangu nilipima viwanja 40 kwenye misitu ya pwani ya Tanzania, na kwangu mwelekeo ulikuwa kinyume: penye ukame zaidi, ndugu walikaa mbalimbali. Nadhani udongo ndio unaoleta tofauti, na ningependa kulipima hilo kwa data zako na zangu pamoja. Je, unapokea watafiti wenye ufadhili wao kwa mwaka ujao? Nimeambatanisha wasifu wa kurasa mbili na kiungo cha msimbo wangu."

Sentensi tano. Hakuna kuomba huruma, wala hakuna kujivuna. Alijibiwa siku ya tatu.

Usiambatanishe vyeti kwenye barua ya kwanza. Usitume barua moja kwa watu ishirini ukibadilisha jina juu. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea na mwingine. Kimya chao mara nyingi ni wingi wa barua tu.

Hatua ya sita: nyaraka

Wasifu uwe wa utafiti. Dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na namba ya kitambulisho havihitajiki, ingawa tumezoea kuviandika kwa ajira za hapa nyumbani. Anza na elimu, makala ulizochapisha, fedha ulizopata hata zikiwa kidogo, kazi za uwandani, ufundishaji. Makala ambayo bado iko kwa wahakiki iandikwe hivyo hivyo, isijifanye imechapishwa.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja na nusu: swali lao, ujuzi wako unaolijibu, na jambo moja utakaloliongeza ambalo hawakuliwaza. Kama uliwahi kushughulikia vibali, sema. Mkuu wa maabara ya nje anayetaka kufanya utafiti hapa anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na cha wanyamapori kinapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, tena kupeleka sampuli nje ya nchi kuna makubaliano yake. Mtu anayejua njia hiyo ni hazina kwa mradi, na ujuzi huo haufundishwi darasani.

Wadhamini ndio wanaoangusha watu wengi kimyakimya. Profesa wetu ana wanafunzi wengi, ana vikao, ana msiba Moshi, na barua yako inasubiri. Mwendee wiki tatu kabla. Usiishie kusema, "Shikamoo Profesa, naomba unidhamini." Mpe karatasi moja yenye tangazo, tarehe ya mwisho, kiungo cha mtandaoni ambako barua itatumwa, na mambo manne unayodhani anaweza kuyashuhudia: ile safari ya Udzungwa ambapo uliongoza timu, makala mliyoandika pamoja, namna ulivyoirekebisha data iliyokuwa na makosa, wanafunzi uliowafundisha maabara. Zikibaki siku tano, mkumbushe kwa ujumbe mfupi wa adabu. Barua inayosema "ni kijana mwaminifu na mchapakazi" haikusaidii. Inayosimulia siku moja uliyotatua tatizo gumu ndiyo inayokubeba. Na kama mdhamini mmoja anasitasita, shukuru na utafute mwingine. Barua baridi ina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya saba: usaili

Hapa nina kidonda. Barua ya kuniita kwenye usaili wangu wa kwanza ilisema 9:00, saa za Ulaya ya Kati, mwezi Januari. Kwenye daftari nikaandika "9" peke yake. Siku nne baadaye nilipoiangalia ile 9, kichwa changu kikasoma saa tisa, kama kinavyosoma siku zote. Nikajiandaa, nikavaa, nikafungua kompyuta saa tisa kasorobo alasiri. Wao walikuwa wameningoja saa tano asubuhi. Niliomba radhi, walikuwa wameshamchagua mwingine, na ile maabara niliitamani sana.

Kwa hiyo andika saa kwa namna tatu kwenye mstari mmoja: saa zao, saa zetu kwa mtindo wa 24, na saa ya Kiswahili. "9:00 kwao, 11:00 Dar, saa tano asubuhi." Kumbuka Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: majira yao ya baridi sisi tunaitangulia Berlin kwa saa mbili, majira ya joto saa moja tu.

Umeme: chaji kompyuta na simu tangu usiku, nunua bando la mtandao wa pili, na ukiweza kaa ofisi yenye jenereta. Watumie namba yako ya simu mapema, useme ukipotea utarudi kwa sauti. Hawashangai.

Kwa kawaida utapewa dakika 15 za kuwasilisha. Dakika kumi ziende kwenye kazi moja uliyoifanya, si historia yako yote. Onyesha picha ya mahali penyewe. Tano zilizobaki ziende kwenye unachotaka kufanya nao. Watakuuliza jambo lililokushinda, nawe jibu kwa ukweli na ueleze ulilirekebishaje. Wakikuuliza usichokijua, sema ungelipimaje. Na uwe na maswali yako: nani anamiliki data, nitaandika makala yangu ya tasnifu kwa muda gani, watafiti waliopita hapa wako wapi sasa? Swali la mwisho linakueleza mengi kuhusu maabara.

Hatua ya nane: ukikubaliwa

Shukuru, kisha omba mkataba kwa maandishi kabla hujaacha chochote hapa. Kama wewe ni mhadhiri wa chuo cha umma, anza mapema kuzungumzia ruhusa na mkuu wa idara. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Viza ya Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 inadai kipimo cha kifua kikuu, kinachofanyika IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, hapa Dar. Kwa Marekani, baadhi ya wenye viza ya J-1, ile ya wageni wa kubadilishana, hufungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka 2, hivyo soma karatasi zako vizuri kabla ya kupanga maisha.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: fedha za kuhama mara nyingi unarudishiwa baada ya kutumia. Tiketi, amana ya nyumba na kodi ya mwezi wa kwanza vinaweza kukudai kabla ya mshahara wowote. Uliza bila aibu kama chuo kinaweza kununua tiketi moja kwa moja au kutoa malipo ya awali. Vyuo vingi vina njia, ila hawaitaji mpaka uulize.

Wiki ya mwisho, kabla ya mifuko na kuaga, pita idara ya Botania pale Mlimani na nakala za sampuli zako. Kila moja iwe na lebo kamili: jina la mahali, vipimo vya GPS, tarehe, na jina la mmea kama wenyeji wanavyouita. Hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, itaipa kila sampuli namba yake. Nakili namba hizo, kwa sababu makala utakayoiandika huko utakakokuwa itazihitaji.